Kidude cha kulipia barabara Ulaya ukiwa na kampavani: nnavofanya mimi hatua kwa hatua

Kila kikikaribia kiangazi cha Ulaya simu yangu haipoi. Vijana wa hapa Unguja na Pemba, mmoja anakwenda kwa kaka yake London, mwengine kwa shangazi Copenhagen, wote washapanga kukodi kampavani (ile gari yenye kitanda na jiko ndani) wazunguke, na wote suali lao moja, "yakhe yale mageti ya barabarani tunalipaje?" Nimechoka kueleza kwa voisi noti basi naandika mara moja. Mimi kazi yangu dereva, nachukua wageni eapoti napeleka Nungwi na Jambiani, na kampavani ya kaka yangu alohamia Uingereza nishaiendesha safari tatu, Ufaransa, Hispania, Ureno na Italia. Kwa hivo haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa.

Kwanza elewa shida yenyewe. Kwetu Zanzibar hamna barabara ya kulipia, labda uwe umeshavuka daraja la Kigamboni kule Dar. Ufaransa motowei nyingi ni za pesa: unaingia unachukua tiketi, ukitoka unalipa kwa masafa ulokwenda. Sasa gari ya Uingereza sukani iko kulia kama zetu, na mashine ya kulipia iko kushoto mana wenzetu wale wanaendesha upande wa kulia wa njia. Safari ya mwanzo hatukuwa na kidude chochote, kaka kalala nyuma, aliokaa kushoto ni mkewe. Tumefika geti la kutoka, ananambia, "Shemeji sogea kidogo, mkono haufiki!" Nikasogea mpaka kioo cha pembeni kinataka kubusu ile mashine. Kampavani imeinuka, tundu la gari ndogo liko chini, la malori liko juu, sisi tuko katikati hatufai kokote. Akafungua mkanda, akatoa nusu mwili dirishani, upepo ukampokonya tiketi ikaingia chini ya tairi ya nyuma. Foleni inapiga honi, mimi nimelala kwenye lami kama fundi gereji naitafuta tiketi, na lazima niipate kwa sababu ukipoteza tiketi unalipishwa masafa marefu kuliko yote ya njia ile. Niliipata, ina alama ya tairi, mashine ikaikubali mara ya tatu. Siku ile ile shemeji akasema mwakani bila ya kidude yeye haendi.

Kidude chenyewe ni kiboksi cha plastiki kidogo, kinakaa kiganjani, unakibandika kwenye kioo cha mbele. Ndani hamna pesa. Antena ya getini inakiuliza wewe nani, kinajibu namba yake, mti wa kuzuilia geti unanyanyuka, halafu mwisho wa mwezi pesa inakatwa kwenye akaunti. Ni kama utingo anaekujua, anakwambia panda tu tutahesabiana. Ila utingo huyu anakupima kimo, na hapo ndo wenye kampavani wanapoumia, kwa hivo tuanze na hapo.

HATUA YA 1: PIMA GARI KABLA YA YOTE

Chukua ngazi, weka ubao ulonyooka juu ya paa pale palipoinuka zaidi (mara nyingi ni kile kidirisha cha juu au eyakondishen), halafu shusha tepu ya fundi mpaka chini. Usiamini karatasi ya gari, mana mwenyewe huenda kaongeza vitu juu. Ya kaka ilitoka mita 2.70. Iandike namba hiyo kwenye kikaratasi ubandike mbele ya sukani, kwa mita na kwa futi (hiyo yetu ni kama futi 8 na inchi 10), mana Uingereza mabango mengi ni ya futi na ukivuka bahari yanageuka mita, na dereva alochoka saa nane za usiku hesabu hiyo haiwezi.

Kwa nini kimo? Ufaransa wanagawa gari kwa madaraja. Isozidi mita 2 na tani 3.5 ni daraja la 1, bei ya gari ndogo. Ilokuwa baina ya mita 2 na mita 3, bado haijapita tani 3.5, ni daraja la 2, na kampavani nyingi zinaangukia hapo. Ikifika mita 3 au ikizidi tani 3.5 ni daraja la 3, hapo unalipa kama lori dogo. Kwa hivo mtu mwenye gari ya mita 2.95 akifunga antena juu ya paa ajue anacheza karibu na moto.

Italia wao wanapima kimo pale penye ekseli ya mbele tu, ikizidi mita 1.30 unatoka daraja A unaingia B. Ureno hivo hivo ila mpaka wao ni mita 1.10. Hispania hawana habari na kimo, wanahesabu ekseli na matairi. Usijaribu kutafuta mantiki, we lipa.

HATUA YA 2: AGIZA KIDUDE MAPEMA

Nataka ukinunue kinachofanya kazi nchi zote nne, Ufaransa, Hispania, Ureno na Italia, usichukue cha Ufaransa peke yake halafu ukafika mpakani ukaanza upya. Kampuni za Kifaransa kama Bip&Go na Ulys wanavyo hivo, unaagiza mtandaoni kinakuja kwa posta. Agiza wiki tatu kabla, posta ni posta. Kuna mpango wa kulipa ada mwezi ule tu ulotumia, kwa mtu anaesafiri mara moja kwa mwaka huo ndo unaofaa, usikubali ule wa kulipa kila mwezi kidude kimelala kabatini.

Akaunti mwambie mwenyeji wako aifungue kwa jina lake na benki yake ya huko, wewe mlipe yeye mkononi. Na waandike namba ya gari sawasawa, herufi kwa herufi, nitakwambia sababu chini. Vile vile vidude hivi vya gari ndogo ni kwa gari isozidi tani 3.5. Kama yenu ni ile nyumba kubwa ya kutembea, waulizeni wauzaji kabla hamjalipa.

Kama gari ya kukodi, uliza siku ya kusaini: gari ina kidude chake au nije na changu? Rafiki yangu hakuuliza, akapita njia za kamera (nitazieleza hatua ya 5) wiki nzima roho baridi, amesharudi zamani Mwanakwerekwe ndo kampuni ya gari ikamkata tozo na juu yake ada ya usumbufu kwa kila tozo moja moja. Ile ada ilizidi tozo zenyewe.

HATUA YA 3: KIBANDIKE PAKE

Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, juu katikati. Gari nyingine kioo cha mbele kina nyuzi za kupasha moto au kimepakwa dawa ya kuzuia jua, na mawimbi hayapiti. Tazama karibu na kioo cha kutazamia nyuma utaona sehemu ina vidoti vyeusi, pale dawa haikupakwa, bandika hapo. Safisha kwanza na spiriti, kausha, gandisha kishikio chake, ukiwache usiku kucha kabla ya kutia kidude. Sisi tuligandisha asubuhi ya safari kioo kina umande, kikatuangukia kwenye bilauri ya chai mbele ya geti.

Na wahedi wahedi: gari moja kidude kimoja. Ukiwa na viwili, cha kaka cha zamani kimo kwenye droo na kipya kioo cha mbele, geti linaweza kusoma kile usichotaka. Cha zamani kifunge na foili ya jikoni, ile ya kufungia samaki.

HATUA YA 4: GETINI

Hapa twende taratibu mana ndo penyewe. Kama mita mia kadhaa kabla ya geti barabara inapanuka inakuwa kama uwanja, leni kumi na zaidi, kila leni ina alama juu. Ufaransa unatafuta herufi t ya rangi ya chungwa. Leni yenye t peke yake ni ya wenye vidude tu. Leni yenye t pamoja na alama ya kadi inachukua wote. Lakini kabla hujafurahi, tazama kama kuna bango la kimo chini ya ile t. Leni nyingi za haraka, pamoja na baadhi ya zile zilizoandikwa 30 unazopita bila kusimama, zimewekewa chuma juu kwa mita 2. Wewe una mita 2.70. Ukiingia humo paa linabaki Ufaransa. Mie karibu niingie pale nje ya Lyon, aliniokoa mtoto wa kaka alokuwa nyuma, "Ami, mita mbili hiyo!" Tangu siku ile kazi ya kusoma bango la kimo ni ya abiria wa mbele, dereva anatazama gari za pembeni tu.

Ukishachagua leni, punguza mwendo, mwachie mwenzako wa mbele nafasi ya gari moja. Ukimganda, antena inaweza kuchanganya kidude chako na gari yake, mti ukamfungukia yeye kwa pesa yako. Subiri bip, mti ukinyanyuka nenda. Italia leni ni za rangi ya manjano zimeandikwa Telepass, mwisho kilomita 30 kwa saa. Ureno zina alama ya V na rangi ya kijani.

Isipolia bip, usirudi nyuma. Narudia, usirudi nyuma, hata waliokuwa nyuma wapige honi mpaka betri ziishe. Kuna kitufe cha kuomba msaada, kibonyeze, atajibu mtu, msomee namba iliyoandikwa kwenye kidude. Italia ukikwama kabisa mashine inakupa risiti ya kutolipa, una siku 15 za kulipa, mambo yamekwisha, hamna haja ya kugombana.

Kitufe hicho hicho ndo cha kudai haki. Mara moja kule Ufaransa skrini imenionesha daraja la 3 na gari yetu ni ya 2, nadhani baiskeli tulizofunga nyuma zilizoinuka ndo zilochanganya mashine. Nikabonyeza, nikasema "classe deux, camping-car", yaani daraja la 2, kampavani, inatamkwa klas de, yule mtu wa msaada akatazama kwenye kamera yake, bei ikashuka pale pale. Lakini lazima useme kabla mti haujanyanyuka. Ukishapita ni barua na barua.

Jengine: ulivoingia ndo utoke. Kama wakati wa kuingia kidude hakikusoma na ukachukua tiketi, ukitoka nenda leni yenye mashine, weka tiketi kwanza. Ukitoka kwa kidude bila ya rikodi ya kuingia, mashine haijui umetoka wapi.

HATUA YA 5: NJIA ZISIZOKUWA NA GETI

Hizi ndo za hatari kwa sababu hakuna kinachokusimamisha. Ufaransa ipo A79 tangu Novemba 2022, na A13 na A14 za kutoka Paris kwenda Normandy zimemaliza kutolewa mageti Disemba 2024. Unapita chini ya chuma chenye kamera, basi. Mwenye kidude hana la kufanya. Asiekuwa nacho ana masaa 72 aingie mtandaoni alipe kwa namba ya gari, akisahau ni faini. Na hapa ndo nilipokwambia namba ya gari iandikwe sawa kwenye akaunti, mana kidude kisiposomwa, kamera inasoma namba.

Ureno nako zipo njia za kamera tupu. Ile A22 ya Algarve watu walokuwa wanailalamikia imeachwa bure tangu 1 Januari 2025, kwa hivo ukiambiwa na mtu alokwenda zamani msikilize nusu. Hispania hivo hivo, AP-7 ya pwani sehemu kubwa sasa haina tozo, kipande cha Catalonia kimefunguliwa Septemba 2021.

Na Uingereza kwenyewe usije ukadhani kidude chako cha Ulaya kinafanya kazi pale Dartford, London mashariki. Hakifanyi. Pale ni kamera, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku, na mwisho wa kulipa ni saa sita ya usiku wa siku ya pili yake. Sisi tunaokwenda Dover kuvuka bahari tunapita hapo kabla hata hatujaamka vizuri, lipa asubuhi ukiwa umesimama kununua kahawa.

Uswisi na Austria ni habari nyingine, wao ni stika, ya karatasi au ya mtandaoni. Uswisi ni faranga 40 kwa mwaka mzima hata ukipita siku moja. Austria gari ikizidi tani 3.5 stika haifai, unachukua kiboksi chao wenyewe kinaitwa GO-Box.

Kuwa na kidude sio lazima kila njia uilipie. Bretagne motowei zake hazina tozo, na A75 ya kutoka Clermont-Ferrand kushuka kusini ni bure, unalipia daraja la Millau tu. Mie lile daraja nalilipia kwa furaha, mawingu yako chini yako. Na ukiwa na kampavani huna haraka hivo, jiko unalo nyuma.

HATUA YA 6: UKIRUDI

Siku ya kurudisha gari kidude ng'oa, kishikio mwachie mwenyewe, kidude kifunge foili. Hasa ya kukodi, ukikisahau anaefuata atatembea Ulaya nzima kwa pesa ya kaka yako. Halafu subirini bili, njia nyingine zinachelewa wiki kadhaa kuonekana. Kaka huwa ananitumia picha ya bili kwa wasap, mimi nna daftari langu la safari, tarehe, geti na daraja la gari, tunapitisha kalamu mstari kwa mstari. Mwaka juzi tulikuta mistari miwili ya daraja la 3, tukawaandikia na picha ya kadi ya gari, tofauti ikarudi baada ya siku kumi. Shemeji akasema hiyo ni yake, kwa ajili ya ile tiketi.