Kupika bia nyumbani na seti ya bei rahisi: unaanzaje

Watu wengi wakisikia kupika bia nyumbani wanawaza mitungi ya chuma na mahesabu ya kemia, alafu wanaachana nayo kabla hawajaanza. Kiukweli seti ya kuanzia ni kitu kidogo tu: ndoo yenye mfuniko na koki, kopo la kimea, pakiti ya hamira, na uvumilivu wa kama mwezi mmoja, na bia inayotoka humo inaweza ikawa nzuri kabisa ya kumkaribisha mgeni. Nasisitiza hilo manake hizi seti za bei ya chini zinasemwa vibaya sana, wakati bia ikiharibika mara nyingi ni usafi au joto, kopo halina kosa.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Ni shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa, ikalowekwa kwenye maji ya moto mpaka sukari yake ikatoka, na kwenye seti nyingi hopsi, yale maua ya kuleta uchungu, zimeshawekwa, alafu maji yakapunguzwa mpaka ikabaki nzito kama asali. Yaani kazi ngumu imefanyika kiwandani, wewe unarudishia maji na kuweka hamira. Kopo la kawaida lina kilo 1.7 na linatoa lita 20 hadi 23. Zipo pia seti ndogo za lita 4 au 8 hivi, na kama hauna nafasi au unataka kujaribu tu, hizo zinatosha, ila kazi ya kusafisha na kusubiri ni ileile kwaiyo ukipenda hii kitu utaona lita 20 zinakulipa zaidi.

Kabla ya kununua angalia tarehe. Kimea kikikaa sana kinakuwa cheusi na bia inakuwa na ladha ya kuchakaa, na hamira iliyobandikwa chini ya kifuniko cha kopo lililokaa juani inakuwa imekufa nusu. Kama una hela kidogo ya ziada usiipeleke kwenye vifaa, nunua pakiti nzuri ya hamira kavu ya bia ya gramu 11, na kipimajoto. Hamira ya mkate achana nayo, itachachusha ndio lakini ladha na mashapo yake yatakusumbua.

Sasa usafi, na hapa naomba usome polepole. Kuosha na kuua vijidudu ni vitu viwili tofauti. Kwanza unaosha kila kitu kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kwa kitambaa laini, usitumie steelwire wala brashi ngumu kwenye ndoo ya plastiki manake mikwaruzo ndio nyumba ya bakteria na hapo hata dawa haifiki. Ukishasuuza ndio unaua vijidudu. Dawa maalum ya watengeneza bia isiyohitaji kusuuzwa ndio rahisi zaidi, unachanganya kama walivyoandika, unalowesha dakika mbili, unamwaga, basi. Kama hauna, jiki ya kawaida isiyo na manukato inafanya kazi, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji ya baridi, acha dakika 15, alafu suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichanganye jiki na siki wala dawa ingine yoyote, inatoa gesi ya sumu. Na kumbuka vitu vidogo: koki ifungue uioshe ndani, kijiko cha kukorogea, mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, na mikono yako.

Maji nayo. Kama ya bomba yananukia klorini, yachemshe au yaache wazi usiku mzima, manake klorini ikikutana na bia inaleta ladha ya dawa au plasta ya kidonda na hiyo haitoki tena hata ukisubiri mwaka.

Siku ya kupika yenyewe ni fupi, saa moja inatosha. Loweka kopo kwenye maji ya moto dakika 15 ili kimea kilegee, mimina kwenye ndoo, ongeza kama lita 2 za maji yaliyotoka kuchemka, na hapohapo weka sukari ambayo maelekezo yanadai, kwa kawaida kilo 1. Hapa nina neno. Ukiweka kilo nzima ya sukari nyeupe bia inakuwa nyepesi mdomoni, kali kidogo, haina mwili. Badilisha nusu yake au yote kwa kimea cha unga, yaani kilekile cha kwenye kopo ila kimekaushwa kabisa, na utaona tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua. Koroga mpaka chini kusibaki kitu, alafu jaza maji ya baridi mpaka alama ya lita 20. Wengi wanajaza mpaka 23 ili wapate chupa nyingi, mimi napendelea 20, bia inakuwa na uzito.

Wakati unajaza, mimina kutoka juu ili ipige mapovu, hamira inahitaji hewa mwanzoni. Ni wakati huu peke yake, baada ya hapo hewa ni adui na italeta ladha ya boksi la karatasi.

Pima joto kabla ya kuweka hamira. Ikiwa juu ya 25 subiri, weka ndoo kwenye beseni la maji ya baridi. Ikifika 18 hadi 22 nyunyiza hamira juu, funga mfuniko, weka kizibo cha kutolea gesi na maji kidogo ndani yake, alafu peleka ndoo sehemu ya giza ambayo joto halipandi na kushuka. Giza ni muhimu kwa sababu mwanga wa jua unaharibu hopsi na bia inanuka vibaya, ndio maana chupa nyingi za bia ni za kahawia. Joto la ndoo ndio linaamua ladha: ikichachuka kwenye nyuzi 28 au 30 hamira inatoa harufu kali za matunda na spiriti inayochoma kooni. Kama unapokaa kuna joto, iache ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike taulo iliyolowa, badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni, hasa siku 3 au 4 za kwanza manake kuchachuka kwenyewe kunazalisha joto. Na kopo likiandikwa lager, yaani bia inayochachushwa kwenye baridi, usihangaike kutafuta friji kabla ya kusoma maelekezo, baadhi yake yana hamira ya ale, ile aina ya bia inayopenda joto la chumbani.

Siku ya pili hivi utaona povu la rangi ya krimu limepanda, lina madoa ya kahawia juu yake, na chumba kinanukia mkate na uchungu kidogo. Baadae povu linashuka linaacha ukanda mchafu pembeni mwa ndoo, hiyo ni kawaida kabisa, usifungue uusafishe. Na kizibo kisipotoa mapovu usipanike, mara nyingi mfuniko haujabana na gesi inatokea pembeni.

Cha kuamini ni haidromita, ile chupa nyembamba ya kioo inayoelea na kuonyesha sukari iliyomo, sukari ikiwa nyingi inaelea juu zaidi. Pima kabla ya kuweka hamira, mfano isome 1.042, alafu pima tena baadae, inakuwa imezama zaidi, mfano 1.010. Toa moja kwa nyingine unapata 0.032, zidisha kwa 131 unapata asilimia 4.2 ya kilevi. Lakini kazi yake kubwa ni kukwambia kama bia imemaliza. Makopo mengi yanaandika siku 4 hadi 7, mimi nakwambia iache wiki mbili, hamira ikishamaliza sukari inaendelea kusafisha ladha mbaya ilizotengeneza yenyewe. Kipimo kikisoma namba ileile kwa siku 3, ndio uhamie kwenye chupa.

Kwenye chupa ndio kuna hatari ya kweli kwaiyo usikimbie. Bia inapata gesi kwa kuongezewa sukari kidogo ambayo hamira iliyobaki inaila ndani ya chupa iliyofungwa. Kiasi ni gramu 6 hadi 8 kwa lita, tuseme 7, kwaiyo lita 20 ni gramu 140. Chemsha sukari hiyo na kikombe cha maji, ipoe, iweke kwenye ndoo ya pili iliyo safi, alafu hamishia bia humo polepole kwa mpira bila kuirusha na bila kugusa mashapo ya chini. Ukiweka chupa moja moja, chupa ya nusu lita inataka kama gramu 3.5, kijiko cha chai kisichojaa. Ukizidisha, au ukifunga wakati bia haijamaliza kuchachuka, chupa ya glasi inaweza kupasuka na vipande vinaruka kweli. Kwa anayeanza chupa za plastiki za soda ni salama zaidi, zioshe tu harufu ya soda itoke. Kama unatumia za glasi ziwe nene za bia, acha nafasi ya vidole viwili juu, na jaza chupa moja ya plastiki pamoja nazo, ile utakuwa unaibonyeza: ikiwa ngumu kama ya soda mpya ujue na zingine zimepata gesi.

Ziache wiki mbili kwenye joto la chumba, gizani, zikiwa zimesimama. Ukiweka kwenye friji mapema hamira inalala na bia inabaki bila gesi. Wiki ya tatu na ya nne ladha inatulia sana, kwaiyo ficha chache mbali na macho yako.

Jambo moja kuhusu sheria: nchi nyingi zinaruhusu kupika bia ya kunywa mwenyewe ila kuuza bila kibali ni kosa, na zingine zinakataa kabisa, angalia ya kwako kwanza. Kugeuza hii bia kuwa pombe kali kwa moto ni kitu kingine kabisa, usijaribu.

Siku ya kunywa ipooze friji usiku mzima ili mashapo yagande chini, mimina taratibu bila kusimamisha mkono, acha sentimita moja ya mwisho ndani ya chupa. Alafu chupa isuuze hapohapo kabla haujakaa, mashapo yakikauka humo ndani kuyatoa ni kazi ya nusu siku.