Somo: Kuipa gemu sura yake

Michoro mnayonitumia ni mizuri, ila wengi mnaanza kwa kuniuliza: pikseli (picha ya vijiraba vidogo) au pande tatu (3D)? Hilo tuliache mwisho.

Hatua ya 1. Andika neno moja la hisia, ulibandike mbele ya meza yako. Gemu yangu ni ya mtoto anayemtafuta paka wake Mji wa Kale, Mombasa. Neno langu ni upweke.

Hatua ya 2. Utafute mwanga wa neno hilo. Hapa msiharakishe. Nilikwenda Ndia Kuu, mtaa wa huko Mji wa Kale, saa sita mchana: jua la utosini, kuta za chokaa zinaumiza macho, vivuli vimejikunyata chini ya baraza. Upweke haukuwepo, joto tu. Nikarudi magharibi ikikaribia. Njia imeshaingia kiza, chokaa imegeuka samawati ya kijivu, na juu kwenye roshani ya mbao umebaki ukanda mmoja wa jua, rangi ya embe bivu. Nilisimama pale mpaka ukazimika. Gemu yangu nzima imetoka kwenye ukanda ule.

Hatua ya 3. Punguza rangi. Tandika kanga uhesabu rangi zake: mara nyingi ni mbili tatu tu, na bado pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yake) vyote vinaonekana kutoka mbali. Rangi moja iweke akiba kwa kitu cha maana. Kwangu embe bivu haionekani ila pale paka alipopita. Kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Mhusika akipotelea ukutani, rekebisha mwanga kwanza.

Hatua ya 4. Sasa mtindo. Chora chumba kimoja mpaka kiishe, hesabu siku, zidisha kwa vyumba vyote. Ninavyo 24. Kwa mtindo wa rangi ya maji, kimoja kilinila siku 6. Kwa pikseli, 2. Nikachagua pikseli.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, pikseli si itaonekana kazi ya kimaskini?
La, ndugu yangu. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Kijapani, alipomchora mhusika Mario kwa gemu ya Donkey Kong, pikseli zilikuwa chache mno. Akampa masharubu asihangaike na mdomo, na kofia asihangaike na nywele. Sura hiyo dunia nzima inaijua.

Yangu ni mbio za tuktuk, ina furaha na hofu. Nichague neno gani?
Lile la mchezaji anapokata kona. Lingine lipe hatua moja ya gemu, ubadilishe mwanga hapo tu.

Naweza kupiga picha milango ya kuchonga nikaichore?
Piga hodi kwanza, dada, ni nyumba za watu. Mimi bibi mmoja alinifungulia, akanivuta ndani nione upande wa nyuma wa mlango: mbao kavu isiyo na nakshi, na komeo lililong'aa kwa kushikwa. Nimekichora kile kikomeo, kiko chumba cha 3.