Somo: Kwenda nje kujitolea kufundisha na kuishi na familia ya wenyeji, hatua kwa hatua

Wakuu salama? Swali la kwenda nchi nyingine kujitolea kama mwalimu naona linarudi kila mara, na majibu yake mengi ni ya viza na tiketi tu, yaani mtu anasindikizwa mpaka eapoti afu anaachwa hapo hapo. Leo tulivute mpaka mwisho: kutafuta nafasi, kuingia nyumba ya watu usiowajua, kusimama darasani, mpaka siku unafungasha. Ni refu, mwenye haraka asome hatua ya 1 na ya 5.

Hatua ya 1: Maswali mawili kabla hujajaza fomu

Waandikie hao wanaokupeleka uwaulize hivi: hicho kipindi nitakachofundisha sasa hivi anakifundisha nani, na nikishaondoka atakifundisha nani? Basi. Ukijibiwa kwamba yupo mwalimu wa somo, utakuwa unaingia nae darasani na yeye ndo atakaebaki, hapo pana programu ya kweli. Ukijibiwa kwamba anaondoka voluntia huyu anakuja yule, ujue kila mmoja anaanza upya na alfabeti na majina ya rangi, watoto wanakariri rangi mwaka mzima na hawavuki hapo. Mbaya kuliko zote ni pale mwalimu mwenyeji aliyekuwa analipwa anapoachishwa kwa kuwa wageni wanafundisha bure, tena wengine wanalipa wao. Hapo umemtoa mtu kwenye ajira yake na unapiga picha juu.

Na kitu kingine hapo hapo, vituo vya watoto yatima. Mi nashauri usiende, hata kama nia yako safi. Watoto wengi kwenye vituo vya namna hiyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na pale wageni wanapolipa ili kuwatembelea, kituo kinapata sababu ya kutafuta watoto zaidi. Australia ilipokuwa inajadili sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018 hili la kuingiza watoto vituoni kwa ajili ya faida lilitambuliwa kama sura ya usafirishaji haramu wa watu. Shule ya kawaida ambayo watoto wanarudi kwao jioni inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Njia ya kupitia

Mashirika makubwa yapo. Peace Corps ya Marekani ilianza 1961, inachukua raia wa Marekani tu, na kawaida yake ni miezi 27 ambayo mitatu ya mwanzo ni mafunzo. VSO, shirika la kupeleka watu wa kujitolea nje, ilianzia Uingereza 1958. Japani wana wao tangu 1965. UN Volunteers, wale wa Umoja wa Mataifa, wana makao yao Bonn, Ujerumani, na wao wanataka mtu mwenye fani na uzoefu. Hawa wanachuja sana ila ukipita kwa kawaida unapewa posho ya kujikimu na bima, hukai unawaza hela.

Chini yao kuna mashirika ya kati ambayo unalipa wewe. Humo kuna wazuri na kuna wauza utalii, kwa hiyo rudi kwenye yale maswali mawili. Njia ya tatu ni kuandikiana na shule moja kwa moja, na kama wewe ni mwalimu kweli mi naipenda hii kuliko zote, maana unaongea na mkuu wa shule mwenyewe na hakuna mtu wa katikati anaekula chake. Shida yake ni kwamba barua ya mwaliko, viza, nyumba, kila kitu mnahangaika wenyewe.

Kama unaenda kufundisha Kiingereza na huna taaluma ya ualimu, tafuta cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha yao, cha saa 120, ndo kiwango kinachoombwa sehemu nyingi. Chagua kozi yenye mazoezi ya kufundisha wanafunzi wa kweli, zile za kubofya majibu onlaini peke yake zinakupa karatasi tu.

Hatua ya 3: Makaratasi na afya

Hapa napita haraka. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Viza usidanganywe na mtu anaekwambia ingia kama mtalii tu, kwa sababu nchi nyingi kazi ya kujitolea inahesabika kazi hata kama hulipwi, na wa kurudishwa ni wewe sio yeye. Uliza ubalozi kwa maandishi, jibu lao lihifadhi. Cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu anza kukifatilia mapema, na programu isiyokiomba wakati inakupeleka kwa watoto mi ningeikimbia.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia nchi inayoitaka, na tangu Julai 2016 cheti chake hakiishi muda, ni cha maisha. Muulize daktari pia kuhusu homa ya ini, pepopunda, kichaa cha mbwa na dawa za kinga ya malaria kulingana na unakoenda. Bima iwe inalipia kukuhamisha kwenda hospitali kubwa, sio matibabu peke yake, kijijini ndo utaelewa kwa nini.

Hatua ya 4: Nyumba ya watu

Watu wanajiandaa na darasa wanasahau kwamba darasani utakaa masaa machache, yaliyobaki yote uko kwenye nyumba ya mtu. Siku za mwanzo mwombe mwenye nyumba mkae mwongee mambo madogo madogo ambayo ndo huwa yanaleta maneno baadae: ufunguo unakaa na nani, mlango unafungwa saa ngapi, maji ya kuoga yanatoka wapi na nani anayabeba, simu inachajiwa wapi, mgeni wako anaruhusiwa kufika mpaka wapi. Na hela. Hakikisha unajua familia inalipwa na nani na lini, muulize mratibu wa programu kabla hujasafiri, maana kuna familia zinalisha mgeni miezi huku malipo yamekwama njiani na aibu inawazuia kusema, wewe unashangaa kwa nini mama amenuna.

Jikoni ingia. Hata kama wanakwambia kaa mgeni upumzike, omba uoshe vyombo au uchambue kitu. Lugha inapatikana hapo kuliko kwenye kitabu, kwa sababu unaambiwa "lete kile, weka hapa, bado kidogo" mara ishirini kwa siku na ndo maneno hayo hayo utayatumia darasani. Mtu anaejifungia chumbani na simu kila jioni anaonekana anaringa hata kama amechoka tu. Ukihitaji kuwa peke yako sema wazi, "saa hii huwa nasoma", watazoea.

Afu jiandae, watoto wa nyumba wataleta madaftari usiku, kesho wataleta na wa jirani. Weka saa moja maalum, ikiisha imeisha, la sivyo utakuwa na shule ya pili sebuleni.

Hatua ya 5: Darasani

Wiki ya kwanza, ikiwezekana mbili, kaa nyuma ya darasa uangalie. Omba muhtasari wa somo, azimio la kazi (ule mpango wa nini kinafundishwa lini) na mitihani ya miaka iliyopita, usome unachotakiwa kufundisha kabla hujaleta mambo yako. Watoto wana mtihani wao, na mzazi aliyeuza kitu alipe ada anaupima mwaka kwa huo mtihani, michezo yako mizuri ipange ndani ya muhtasari sio pembeni yake.

Darasa kubwa lina ujanja wake. Ukiuliza "mmeelewa?" litaitika kwa pamoja ndiyoooo, mpaka madirisha yanatikisika, afu ukimwita mmoja ubaoni anaangalia viatu. Ule mwitikio ni heshima tu, haukwambii kitu. Badala yake uliza swali, wape dakika wamnong'oneze jirani jibu, ndo uite mtu, maana hapo anaongea jibu la wawili na akikosea hajakosea peke yake. Au kila mmoja aandike jibu nyuma ya daftari aliinue juu, kwa jicho moja umeona nani yuko wapi.

Ubao nao. Andika neno, chora mshale, futa nusu, andika tena, afu pita ukague madaftari: utakuta mtoto kanakili neno, mshale, na kile kipande ulichofuta amekiacha kikining'inia hivyo hivyo. Kwao kilichopo ubaoni ndo kitabu, wengi hawana kingine. Kwa hiyo piga mstari, upande mkubwa wa kunakili, upande mdogo wa kuchafua, na uwaambie upande ule hauandikwi.

Maelekezo ya darasani jifunze kwa lugha yao: fungueni, someni, wawili wawili, kimya, vizuri. Hata kama unafundisha Kiingereza, mtoto asipoelewa anachoagizwa hafanyi somo, anabahatisha.

Na yule mwalimu mwenyeji ndo mtu wako. Andalio la somo andikeni pamoja, majina yote mawili juu. Mwanzoni yeye aongoze wewe usaidie, katikati mgawane, mwishoni arudi kuongoza yeye akitumia alichokipenda kwako. Asichokipenda kiache. Kuna voluntia anafundisha vizuri sana na mwalimu wa somo ameenda kunywa chai ofisini, hapo hakuna kinachobaki.

Hatua ya 6: Kuondoka

Tarehe ya kuondoka waambie watoto mapema, sio siku ya mwisho. Zana zote ulizotengeneza ziwe za vitu vinavyopatikana pale pale, mwalimu aweze kuzitengeneza upya zikichakaa. Na usiahidi kurudi kama hujakata tiketi.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mkuu asante kwa darasa. Mimi nina wiki mbili za likizo tu, je inafaa?

Jibu: Kwa kufundisha watoto hapana, wiki mbili ndo kwanza unajua majina. Ila kama una ujuzi fulani, mfano maabara, kompyuta, au kufundisha kusoma kwa wanaoanza, wiki mbili za kukaa na walimu wenyewe mkibadilishana mbinu zinaweza kuwa na maana, shule ikiwa ndo imeomba.

Mdau: Programu ikidai hela ni matapeli?

Jibu: Sio lazima, kuna chakula chako, familia, mratibu, hivyo vyote vina gharama. Omba mchanganuo, familia inapata ngapi, shule inapata nini. Wakikwepa hilo swali, au wanataka ulipe kwenye akaunti ya mtu binafsi, au wamekukubali bila intavyu yoyote, achana nao. Omba pia kuongea na aliyewahi kwenda, umtafute wewe mwenyewe na sio yule waliyekuchagulia.

Mdau: Kaka mimi ni dada na nitakuwa peke yangu, hiyo nyumba nitajuaje ni salama?

Jibu: Dada, kabla hujasafiri uliza wanaishi nani na nani humo, na je chumba chako kina komeo la ndani. Uliza nani aliikagua hiyo nyumba na lini. Afu programu iwe na nyumba ya pili ya akiba, ili ukisema "nataka kuhama" uhame siku hiyo hiyo bila kujieleza sana. Namba ya mratibu iandike kwenye karatasi pia, simu inazima.

Mdau: Wanafunzi wakianza kuniomba ada, viatu, simu, nifanyeje?

Jibu: Usimlipie mmoja mmoja kwa siri, haikai siri hata siku mbili, na ulioshindwa kuwalipia bado unawafundisha kesho. Peleka kwa mkuu wa shule au kamati ya wazazi, wao wanajua nani ana hali ngumu kweli. Ukitaka kutoa toa kitu cha darasa zima.

Mdau: Nikiumwa na mbwa huko kijijini na nilishachanjwa?

Jibu: Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usikimbilie kufunga kitambaa. Afu hospitali siku hiyo hiyo, waambie ulishachanjwa maana hiyo inapunguza sindano lakini haiondoi kwenda.

Mdau: Ticha na je ukikuta walimu wanachapa viboko? Hili ndo linaniogopesha.

Jibu: Swali zuri, na utalikuta sehemu nyingi. Wewe usichape na usimpeleke mtoto kwa mwalimu mwingine ukijua atachapwa, hiyo ni kuchapa kwa mkono wa mwenzio. Usimsute mwalimu mbele ya wanafunzi, utamwaibisha na kesho atachapa zaidi wewe ukiwa haupo. Mfate pembeni, muulize yeye darasa la watoto wengi vile anapataje utulivu, msikilize kweli, afu mwoneshe unavyofanya wewe kwenye kipindi chenu cha pamoja. Wengine wanachapa kwa sababu hawajawahi kuona njia nyingine ikifanya kazi. Ila mtoto akiumizwa, huo sio tena mjadala wa mbinu: andika ulichoona, tarehe na saa, mpelekee mratibu wa programu siku hiyo hiyo, na kabla hujasaini mkataba hakikisha unajua huyo mratibu ni nani na anatakiwa kufanya nini akipokea taarifa kama hiyo.