Densi ya dakika 20 kwa Bentley, Strayhorn na Hemphill

Densi ya kuwaenzi wasanii waliokufa isiwabebe kumi kwa mara moja. Wachezaji watano kwa dakika 20 wanaweza kuwabeba marehemu watatu. Marehemu wakizidi, watazamaji wataishia kusoma majina kwenye karatasi. Hapa tumewachukua Wamarekani Weusi watatu waliopenda jinsia yao: Gladys Bentley (1907–1960), mwanamke mwimbaji na mpiga piano wa Harlem, mtaa wa New York, aliyevaa suti za kiume; Billy Strayhorn (1915–1967), mtunzi wa jazi; na mshairi Essex Hemphill (1957–1995).

Ruhusa kwanza, mazoezi baadaye. Mashairi ya Hemphill yana wenyewe. Rekodi za Bentley za 1928 zinalindwa na sheria ya Marekani hadi mwisho wa 2028. Ukikwama, mpe kazi mpiga piano atunge kipya.

Bentley apewe dakika 9. Katika picha zake za suti nyeupe na kofia ndefu, chagua mikao 8. Kila mmoja hesabu 4 za mdundo, jumla 32. Mchezaji ajifunze akiwa ameketi, kwani Bentley aliimba akiwa kwenye piano, kisha asimame bila kubadili mikono. Miguu italazimika kujitafutia njia, na kuigiza kutakoma.

Suti ya dukani hukaba: mkono ukipanda, koti zima linafuata. Fundi afumue kwapa, atie kipande cha kitambaa kinachovutika, sentimita 10 kwa 10. Kofia ifungwe kwa mpira kisogoni. Mavazi haya yavaliwe mazoezini wiki tatu kabla ya onyesho, si siku ya mwisho.

Mwaka 1952 Bentley aliandika katika jarida la Ebony kwamba amerudi kuwa mwanamke. Wengi huiruka sehemu hiyo, na hapo humsifu mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Ili badiliko hilo lionekane, rudia zile hesabu 32 mara nne, kila mara ukiondoa mikao miwili. Hesabu ziendelee, mwili utulie palipoachwa wazi.

Strayhorn, dakika 4, watu wawili. Aliitungia bendi ya Duke Ellington, makofi yakaenda kwa Ellington aliyesimama mbele. Basi mmoja awe kwenye mwanga, mwingine nyuma yake amwongoze kwa kiganja mgongoni.

Dakika 7 za Hemphill huharibika pale mkono unapogusa kifua kila neno "moyo" likitajwa. Sauti isome, inyamaze, ndipo mwili ujibu. Msomaji asiwe ametoka kuruka. Atahema kwenye maikrofoni.

Taa ziwekwe ubavuni, kimo cha goti na cha kifua. Taa za mbele pekee huififisha ngozi nyeusi, na mwanga wa kijani huifanya ya kijivu.