Kumfuga Enteromius paludinosus kwenye tangi la kioo, Mbeya

Samaki huyu wa rangi ya fedha hupenda mito inayotiririka polepole na madimbwi yenye majani. Hukua hadi kama sm 15, ingawa wengi hubaki wadogo zaidi. Wengi humdhania kifaranga cha samaki mwingine, kwa hiyo mkague vizuri: ana masharubu jozi mbili, na mwiba wa pezi la mgongo una vijino kama msumeno upande wa nyuma. Vijino hivyo hunasa kwenye wavu. Mhamishe kwa kikombe kikubwa. Kabla ya kuvua, muulize afisa uvuvi kuhusu kibali. Chandarua hakiruhusiwi.

Huishi kwa makundi, basi usifuge chini ya sita. Tangi la sm 80 × 40 × 40 likijazwa hadi sm 35 hubeba lita 112, na hao sita watapata nafasi ya kuogelea. Lifunike, kwani huruka.

Vifo vingi hutokea wiki za mwanzo, na chanzo ni amonia, sumu itokayo kwa samaki wenyewe na kwa chakula kilichooza. Bakteria wanaoibadilisha hukaa kwenye sponji ya kichujio na huchukua wiki 4 hadi 6 kutosha. Kwa muda huo anza na samaki wawili tu, kisha ongeza wengine hadi watimie sita. Sponji ioshe kwa maji ya tangi lenyewe. Ukiiosha bombani, klorini itawaua bakteria na utarudi mwanzo kabisa. Maji ya bomba yakae saa 24 kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Kila wiki badilisha robo ya tangi.

Lisha mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili: mabuu ya mbu, minyoo iliyokatwakatwa, au chakula cha vifaranga vya sato kilichosagwa.

Juni na Julai ndiyo miezi ya hatari. Samaki huvumilia ubaridi, lakini maji yakipoa ghafla hudhoofika na kupata madoa meupe kama chembe za chumvi. Weka tangi mbali na dirisha, na maji mapya uyachanganye na ya moto mpaka joto lilingane. Madoa yakitokea, yeyusha chumvi gramu 2 kwa kila lita, uigawe kwa siku mbili. Endelea siku 14 hata madoa yakipotea, kwani kimelea hufa kikiwa majini tu, si kikiwa ndani ya ngozi.

Ukichoka kuwafuga, usiwamwage kwenye mto wowote ulio karibu. Kiwira huingia Ziwa Nyasa, Mbarali huenda Ruaha Mkuu hadi Rufiji, na mto Songwe wa kaskazini huishia Ziwa Rukwa. Samaki na vimelea wa bonde moja hawapaswi kupelekwa lingine. Mpe mfugaji mwenzako.