Gari ya zamani inakosa mafuta? Pima umeme kabla hujanunua pampu

Juzi jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga, kanijia na Corolla 110 yake, mjini inatembea fresh tu ila akishika njia ya Muheza, kufika Pongwe akikanyaga mafuta inazubaa, inamisi, inazima. Pampu keshabadilisha mbili. Na mimi yalishanikuta hayohayo, nikapoteza siku nzima, ndo maana naandika.

1. Fungua kile kiboksi cha plastiki kwenye injini kimeandikwa DIAGNOSTIC, unga matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya (hayo mawili tu, usibahatishe mengine), washa switchi bila kupiga stata. Pampu ilie chini ya siti ya nyuma.

2. Filta ya mafuta, weka mpya.

3. Funga geji ya presha kwenye paipu ya mafuta. Chomoa kampira kadogo ka regyuleta (kile kidude kinachodhibiti presha ya mafuta), geji isome kama psi 38 mpaka 44. Kampira kakiwa na petroli ndani, regyuleta imekufa. Kuna mafundi wanalegeza paipu waone mafuta yanavyoruka, mimi hapana jamani, hata pampu hoi inarusha mafuta, na hapo injini ya moto petroli inamwagikia juu yake.

4. Presha ikiwa chini, pima umeme wa pampu, na hapa ndo wengi tunapotea. Usichomoe soketi ya pampu ukapima, maana bila mzigo, yaani pampu haivuti umeme, utaona volti 12 ushangilie bure, mimi ndo kilichonilaza njaa. Acha soketi imechomekwa, pampu inalia, ingiza ncha za maltimita kwa nyuma ya soketi, chanya na hasi. Tesa ya taa weka pembeni, taa inawaka hata kwa volti 9. Kwa jirani tukapata 9 kasoro. Sasa ile ncha nyeusi itoe kwenye waya hasi uigusishe bodi, chuma kisafi kilichokwanguliwa: ikipanda mpaka 12, athi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi) ndo mbovu. Ikibaki palepale tatizo liko waya wa chanya au rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye pampu). Yake ilipanda. Tukafuata waya wa athi, boliti yake imeota kutu ya kijani na nyeupe, chumvi ya bahari hii ya kwetu haina huruma. Msasa, boliti mpya, grisi juu. Volti 12, geji 40.

5. Umeme uko sawa na presha bado iko chini? Hapo sasa nunua pampu, na kichujio cha chini yake kiwe kipya pia.