Somo: Kupanda dietes kwa kugawa kichaka, Dodoma

Irisi ya Siberia, ua la nchi za baridi, isikupotezee muda hapa. Inahitaji miezi ya baridi kali ndipo ichanue, na Dodoma hata Julai baridi hiyo haipo. Panda dietes, ndugu yake wa Afrika mwenye maua meupe yenye njano na zambarau katikati. Akishashika, ukame anauvumilia.

Subiri mvua za Desemba zilowanishe ardhi shubiri nzima. Ng'oa kichaka chote, kung'uta udongo uone mashina yanayotambaa kama tangawizi nyembamba. Majani hujipanga kama pepeo. Kata kwa kisu kikali, kila kipande kibaki na pepeo 3 hadi 5 na mizizi yake. Pepeo moja huishi, ila maua utayangoja sana. Punguza majani yabaki sentimita 20, kwa kuwa mizizi iliyokatwa haiwezi kuyanywesha yote. Mizizi ifunike kwa gunia lililoloweshwa, isipigwe jua.

Shimo liwe sentimita 30 upana na kina. Udongo sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja. Shina lifunikwe sentimita 2 tu! Wengi hulizika kama kiazi, maji yakituama linaoza. Toka shimo hadi shimo, sentimita 60. Mvua ikikatika, mwagilia kila shimo lita 5 kila baada ya siku mbili kwa mwezi wa kwanza.

Ua hudumu siku moja, lakini bua lake msikate, tafadhali. Likiwa bado kijani litachanua tena na tena. Likiinama, nchani huota mche mdogo. Ukandamize udongoni, ukishatoa mizizi ndipo uukate.

Maswali

*Mwalimu, yangu iko chini ya mwarobaini, majani tele, maua hakuna.*
Kivuli kimezidi, na mti unainyang'anya maji. Ihamishie inapopata jua la asubuhi kwa muda wa saa nne hadi tano.

*Ncha za majani zinakauka, na maji ninayo ya kisima.*
Kama kisima kina chumvi, ndiyo hiyo. Mwagilia mara chache lakini kwa wingi, chumvi ishuke chini ya mizizi. Maji kidogo kidogo kila siku huiacha juu.

*Shikamoo mwalimu. Mchwa wamevamia matandazo.*
Marahaba. Ondoa nyasi kavu zilizogusa shina, acha wazi kiganja kimoja kuzunguka, hapo weka kokoto. Samadi mbichi nayo huwaita, kwa hiyo kagua: iliyooza hainuki, na ukiifikicha huoni majani ndani yake.